Sepetu ya Wübke

Sisi wa pwani ya Frisia tunaliita tuta la kuzuia bahari "diek". Waholanzi ng'ambo ya ghuba husema "dijk", Wajerumani wa bara "Deich". Ni neno moja, limetokana na kuchimba. Zamani lilikuwa jina la shimo, kisha likahamia kwenye udongo uliotoka shimoni. Aliyelianzisha alijua kwamba tuta halioti lenyewe.

Wübke Harms alikuwa mjane. Mafuriko ya Krismasi yalimchukua mumewe, asionekane tena, yakaua wanawe wawili, yakabomoa tuta mbele ya shamba lake. Makaburi ya kanisa yalikuwa bado majini, kwa hiyo watoto tuliwazika kwenye mwinuko nyuma ya nyumba. Sheria yetu haina huruma: kila shamba na kipande chake cha tuta. Ukishindwa kukitengeneza, unachomeka sepetu yako juu yake na kuondoka na nguo ulizovaa. Atakayeing'oa anachukua shamba pamoja na mzigo wake.

Wübke alichimba malisho yake mpaka yakawa dimbwi. Pengo halikuzibika. Ndipo Onno, mkuu wa tuta, akaja.

"Mama, udongo mzuri bado upo nyuma ya nyumba."

"Pale wamelala wanangu, bwana mkuu."

"Najua. Na mawimbi ya vuli je, yanajua? Kijiji kizima kiko nyuma ya pengo lako."

Nilitamani kumzaba kofi. Lakini alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Kesho yake Wübke akachomeka sepetu. Shemeji yake Fokko hakungoja hata ashuke, akaing'oa.

"Usinikasirikie, shemeji. Angeichukua mwingine tu."

Wübke akaja kusimama nasi vibarua tuliokodiwa kuziba pengo.

"We mama, umeliacha shamba ili uje ulichimbe?" mmoja akamtania.

"Nirudishie sepetu yangu, Fokko," alisema. "Kama lazima wafukuliwe, asiwaguse mtu mwingine."

Hakuna aliyecheka tena. Tulimwachia mwinuko peke yake. Majeneza aliyasukuma mwenyewe kwa toroli, akayalaza katikati ya pengo, maana mwinuko ukishachimbwa, pakavu pangebaki ndani ya tuta tu. Onno akageuza uso. Sisi tukafukia.

Tuta limeshika hadi leo. Fokko anavuna. Wübke, kibarua wake, hukikagua kipande kile kila vuli, na dhoruba ikija hulala juu yake, wala hatumwambii ashuke.