Tunarudi Chini Sote

Katika chumba cha Mama Pumzi palikuwa na kanuni moja isiyojadiliwa: mtu mmoja akiacha zoezi katikati, wote wanaanza upya. Haikujali mmefika wapi. Hata kama darasa zima limeshaipandisha nguvu kutoka mwisho wa uti wa mgongo, likapita tumboni na kifuani, likafika shingoni, akitokea mmoja kule nyuma akafungua macho na kukaa chini, Mama Pumzi aligonganisha viganja, kofi moja, na kusema, "Tunarudi chini sote." Basi wote walishuka, wakakunja magoti na kuvuta tena pumzi ya kwanza.

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Vumbi la saruji lilipanda ngazi na kulala juu ya mikeka ya plastiki, na mikeka ilifutwa kwa kitambaa cha maji kabla ya kila darasa. Ukutani palichorwa mwili wa binadamu wenye chakra saba, vile vituo vya nguvu vya mwilini, kila moja duara la rangi yake, kuanzia jekundu la chini hadi zambarau la utosini. Mchora mabango aliyepewa kazi hiyo hakujua kuchora uso mwingine ila wa mwenye nyumba, ambaye ndiye pia mwenye duka la chini, kwa hiyo mtu wa ukutani alikuwa na upara na kidevu cha mikunjo miwili. Wanafunzi wapya walicheka. Wa zamani walikuwa wameshachoka kucheka.

Kabla ya kuitwa Mama Pumzi alikuwa mpiga pasi kwa dobi. Alisimama mbele ya meza ya kupigia pasi, pasi mkononi na mvuke usoni, mpaka siku moja mgongo ukakataa kunyooka. Akawa anatembea upande upande, anapanda kitandani kwa magoti. Daktari wa zahanati akamwambia ajizoeze kutembea na fimbo. Aliyemwokoa ni muuguzi mstaafu aliyekuwa jirani yake. Huyo alimfundisha kutikisa kiungo kimoja kimoja, taratibu, huku akiifuata pumzi na kuweka fikira zake zote mahali pamoja: kwanza kwenye kiti cha mwili, pale mwisho wa uti wa mgongo, kisha chini ya kitovu, na kuendelea juu. Muuguzi hakubishana na mtu kama hizo chakra zipo au hazipo. Alisema zinampa mtu mahali pa kuangalia. Na alisema jambo lingine kila siku, "Ikiuma, acha." Mama Pumzi alipona. Hilo lisemwe kwa haki, maana wako wanaodhani kila mwenye mkeka na duara ukutani ni tapeli. Yeye hakuwa tapeli. Alipona kweli, na alitaka wengine wapone.

Muuguzi alipohama, Mama Pumzi akaanzisha darasa lake. Watu walikuja kama wanaokuja sokoni. Huyu anapokea simu, yule anatoka kuangalia sufuria jikoni, wawili pembeni wanasengenya. Hapo ndipo alipoitunga ile kanuni, na ikafanya kazi. Hakuna anayependa kuchukiwa na chumba kizima kwa sababu ya simu. Hata mwenye nyumba, aliyekuja kwa ajili ya magoti yake, alipokaa chini siku moja akapigiwa kofi kama wengine.

"Mama, mimi ndiye mwenye nyumba," alisema.

"Najua. Na magoti ni yako pia. Tunarudi chini sote."

Kwa kisa hicho watu walimheshimu. Walisema mwanamke huyu hana upendeleo, na walisema kweli.

Alikuwa na mdogo wake, mshona makoti. Mama yao alifariki yule mdogo akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na mkubwa ndiye aliyemlea, akamsomesha ushonaji kwa mshahara wa pasi. Binti alitoka fundi hasa. Tundu za vifungo alizishona kwa mkono, uzi wa hariri, na mafundi wenye maduka makubwa walimletea makoti yao kwa ajili ya tundu tu. Lakini shingo iliyoinama juu ya cherehani miaka yote hiyo ilianza kudai chake. Vidole vya mkono wa kulia vilikufa ganzi, vikarudi, vikafa tena.

Mama Pumzi alimkuta kwenye chumba chake cha kushonea, mkasi umeanguka chini, naye anautazama.

"Mkasi umekukosea nini?"

"Vidole, dada. Havinisikii."

"Na hicho shingoni?"

"Kola ya kushikilia shingo. Daktari amesema nisizungushe shingo wala kuilaza nyuma mpaka wapige picha nyingine. Amesema kuna mfupa unaobana mshipa wa fahamu."

"Daktari wa wapi?"

"Pale pale zahanati."

"Pale pale waliponiambia nizoee fimbo. Umewahi kuniona na fimbo?"

"Hapana, dada."

"Kesho uje."

Akaja. Mama Pumzi alimwonyesha msumari ulio kando ya mlango. "Hicho kizibo kitundike hapo. Nguvu haipandi kwenye shingo iliyofungwa kama chupa."

Vituo vinne vya kwanza vilimfaa. Mabega yalishuka, na alipumua kama mtu aliyetua mzigo. Kisha wakafika kwenye duara la buluu, la kooni, ambapo kichwa huzungushwa polepole, kikalala nyuma, kikarudi mbele. Kilipolala nyuma tu, kitu kama shoti ya umeme kilishuka kutoka shingoni hadi kwenye kidole gumba. Akafungua macho, akakaa.

Kofi likalia. "Tunarudi chini sote."

Miguno ikapita chumbani. Mbele kabisa alikaa mwanamke mmoja, karani wa mahakama aliyestaafu, ambaye ulimi wake haukustaafu. "Haya jamani," alisema, "tushuke. Malkia amechoka."

Walirudia. Kooni, akakaa tena. Safari hii hakuna aliyeguna, waligeuka tu wakamtazama. Kufikia wiki iliyofuata walikuwa wamempa jina: Turudi Chini. Alipoingia mlangoni Karani alisema, "Turudi Chini huyo, leo hatulali nyumbani," na waliokuwa wakifuta mikeka walicheka hadi vitambaa vikawaanguka. Mke wa mwenye bucha alihamisha mkeka wake asikae karibu naye, kana kwamba ganzi inaambukiza.

Si watu wabaya. Kila mmoja wao angempisha mgonjwa kwenye kiti. Ila walikuwa wamepewa sababu ya kumchukia mwenzao kwa kosa la kuumwa, na mtu akipewa sababu ya namna hiyo huitumia.

Mdogo akamfuata dada yake kwenye ngazi.

"Dada, nina ombi. Mkifika kooni, mimi nikae tu nisubiri. Nyinyi mwendelee. Nitaungana nanyi kwenye paji la uso."

"Haiwezekani."

"Si kwamba nakataa kazi. Inauma."

"Inauma kwa sababu pamefungwa. Ukipakimbia kila siku, patafunguka lini?"

"Mbona muuguzi alikuwa anasema ikiuma uache? Ulikuwa unaniambia mwenyewe."

 Mama Pumzi alikuwa na nafasi ya kukubali hapo, pana kama mlango. "Nilimrudisha mwenye nyumba chini," alisema. "Nikikuachia wewe, watasema nini? Kwamba kanuni ni ya watu wa nje?"

"Dada, ni mkono wangu wa kazi."

"Ndiyo maana nakutaka usimame kama watu. Mimi nimekulea, siwezi kukudanganya."

Huyo mdogo hakuwa mjinga, wala hakuwa mtoto. Angeweza kuichukua kola yake msumarini na kwenda zake. Lakini maisha yake yote alikuwa amevaa, amekula na amesoma kwa mkono wa dada huyo, na kumwambia hapana hakujifunza popote.

Siku iliyofuata hakukaa. Walipofika kooni alizungusha kichwa, akakilaza nyuma. Ile shoti ilishuka mkononi, kisha ikashuka mahali ambapo haikuwahi kufika, mgongoni na miguuni. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni. Akazungusha tena, kama alivyoelekezwa, mpaka mwisho. Akafika kwenye paji la uso, akafika utosini. Darasa zima lilimpigia makofi.

"Kumbe anaweza," Karani alisema. "Alikuwa anatudekea."

Kisha watu wakavaa. Mdogo alishika kifungo cha blauzi yake. Kilimtoka. Akakishika tena, kikamtoka, na vidole vikabaki vimekunjwa juu ya tundu aliyoishona mwenyewe.

"Dada, nifungie."

"Jifunge."

"Siwezi."

"Makoti ya watu unayafunga, blauzi yako inakushinda?" aliuliza Karani, na kicheko kikazunguka chumba.

"Nguvu ikifunguka, mwili hulewa kidogo," Mama Pumzi alisema. "Kaa hewani, itatulia." Akageuka kupanga mikeka, kwa kuwa darasa la pili lilikuwa limeshaanza kupanda ngazi.

Mdogo alishuka akiegemea ukuta, blauzi wazi, ameishikilia kwa mkono wa kushoto. Kola aliiacha msumarini kwa sababu mkono haukuinuka kuifikia. Chini, kati ya mifuko ya saruji, miguu ikalegea akakaa.

Mwenye nyumba alipanda mbio kwa jinsi magoti yake yalivyomruhusu. Alikuta darasa la pili limefumba macho, liko kituo cha tumboni, na Mama Pumzi amesimama mbele yao, mikono kwenye mbavu.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Mdogo wako yuko pale dukani. Hawezi kusimama."

Mama Pumzi alifungua macho, akamtazama. Kisha akainua kiganja: ngoja.

Tangu aanze kufundisha hakuwahi kuacha zoezi katikati. Alijua akitoka, ni lazima darasa lianze upya, na kwamba safari hii atakayewarudisha chini ni yeye. Alidhani pia, na alilisema baadaye mara nyingi, kwamba ni kizunguzungu tu. Akayafumba macho tena. Wakatoka tumboni wakaenda kifuani, kooni, usoni, utosini. Hawakuharakisha, maana kuharakisha nako kulikatazwa.

Mwenye nyumba hakungoja. Alimbeba yule mwanamke pamoja na kijana wa mizigo, wakamlaza kwenye gari la kupelekea mabati, wakaenda naye hospitali.

Mama Pumzi alipofika, mdogo wake alikuwa ameshafungwa shingo kwa kitu kigumu, amelala chali, akisubiri chumba cha upasuaji. Macho peke yake ndiyo yaliyogeuka.

"Mlimaliza?" aliuliza.

"Tulimaliza."

"Vizuri," alisema mdogo, akayarudisha macho darini.

Miguu ilirudi. Mkono haukurudi. Daktari wa upasuaji alieleza kwamba mshipa ulikuwa umebanwa muda mrefu, na kwamba kule kuilaza shingo nyuma kulimalizia kilichobaki. Makoti yaliyokuwa yakisubiri tundu yalichukuliwa na wenyewe, moja moja. Cherehani ikafunikwa shuka.

Miezi ilipita, Mama Pumzi akaenda kumwona. Alikuwa amefikiri sana, kwa namna yake. Alisimama mlangoni na mkeka chini ya kwapa.

"Nimekuja tuanze na vidole," alisema. "Taratibu. Mimi na wewe tu, bila watu."

Mdogo aliutazama mkeka kwanza, kisha uso wa dada yake. "Nikisema basi, utaacha?"

Mwongo angejibu ndiyo, na pengine angefunguliwa mlango. Mama Pumzi hakujua kusema uongo. "Mtu anayeachiwa kila anaposema basi hawezi kupona," alisema.

Mdogo akausukuma mlango kwa mkono wa kushoto, ukafungika.

Watu humsifu mwenye msimamo, na ni haki asifiwe anayesimama imara kwa gharama yake mwenyewe. Kanuni ya Mama Pumzi ilitungwa kwa ajili ya wavivu na wasengenyaji. Siku ilipomkuta mgonjwa, ilitakiwa iwekwe kando kama mtu anavyoweka pasi kando anapoona nguo inaungua, jambo ambalo mpiga pasi yeyote analijua. Yeye aliona, akaendelea kukandamiza, na akauita huo uadilifu.

Darasa bado linajaa. Karani bado anakaa mbele. Kola bado iko msumarini, imeshika vumbi la saruji, na wageni hudhani ni ya kuuza. Kanuni ile haijabadilishwa. Ilimgharimu mshona makoti mkono wake wa kulia na kazi yake, na ilimgharimu Mama Pumzi mtu pekee aliyekuwa akimwita dada.