Razika na Mabamba ya Kutu

Kwetu mgeni mkubwa akitarajiwa, hupakwa rangi kila kitu kisichoweza kukimbia. Miti hupigwa chokaa hadi kiunoni, kingo za barabara hupata nyekundu na nyeupe, na kuta zilizovuja tangu enzi za Wafaransa huvishwa kijani kwa siku moja. Naanza na rangi kwa sababu nikisimulia habari za Razika Bouchama, watu hutikisa kichwa na kusema masikini, bahati mbaya. Bahati mbaya ni mvua kunyesha siku ya harusi. Haya yalifanywa na watu kwa mikono yao, na mwisho wa mwezi wakapokea mshahara.

Razika alizaliwa katika majengo ya wafanyakazi wa kiwanda cha chuma, katika mji wetu wa pwani, mashariki mwa Algeria. Baba yake alifanya kazi kwenye tanuru mpaka kifua kikamshinda, akamwacha yeye na mama yake, Bi Aldjia, katika ghorofa ya tatu inayotazama bahari. Mimi na yeye tulisoma uzamili pamoja, tukafaulu pamoja mtihani wa kuingia uzamivu, na tukapewa meza moja katika maabara ya metali, meza yenye mguu mmoja mfupi.

Profesa Laifa, msimamizi wetu, alitutandikia mada kama mchuuzi wa sokoni: plastiki, saruji, hesabu za kompyuta, na kutu. Sisi wajanja tulikimbilia kompyuta na plastiki. Kompyuta haingoji majira, na mwenye hesabu humaliza kwa wakati wake. Mwenzetu mmoja alipata ufadhili akaenda Ufaransa, na hadi leo anatutumia picha za theluji. Razika akachagua kutu. Nilimtania nikamwambia, "Shoga, dunia nzima inaikimbia kutu, wewe unaifuata mbio."

Akanijibu, "Mji mzima unaliwa na hakuna aliyekaa chini akauliza unaliwaje."

Swali lake lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulijibu. Chuma cha kiwanda chetu kikiachwa kwenye hewa ya chumvi, kutu yake ikizeeka, je, hugeuka ngozi ya kukilinda, au huendelea kula mpaka kiishe? Alianika mabamba ya chuma hicho kwenye hewa ya bahari. Ya mwaka wa kwanza na wa pili aliyakata, akayatazama kwa hadubini, akaandika. Lakini hayo ya mwanzo hata mpita njia anajua yanasemaje. Jibu lilikuwa katika yale ya mwisho, aliyoyafunga kwenye fremu juu ya paa la kitivo, yakielekea baharini, yazeeke pale miaka minne. Kila mwezi alipanda kuyakagua na kuyapiga picha. Hata alipoitwa na maabara moja ya Lyon akakae mwaka na nusu, alikataa, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwachia mabamba. Nilimwona mpumbavu, na nilimwambia.

Alikuwa na sababu. Kitivo kilikuwa na nafasi moja ya kufundisha metali, iliyokaa wazi tangu mzee mmoja astaafu, ikingoja mwenye uzamivu. Kila mtu alijua ni ya Razika akimaliza. Na asipomaliza, kwetu wenye uzamili wa metali wasio na kazi ni wengi kuliko paka wa bandarini.

Ukafika mwaka wake wa mwisho, na waziri akatangaza atatutembelea Jumapili, ambayo kwetu ni siku ya kwanza ya kazi. Alhamisi Razika na mama yake walikwenda mji wa Constantine kwenye harusi ya binamu. Ijumaa na Jumamosi kitivo kizima kilipakwa rangi. Ami Tahar, mkuu wa matengenezo, ni mtu mwema, hafanyi kazi nusunusu. Alipopanda paani akaona mabamba yamejaa kutu, aliona aibu kwa niaba ya chuo. Akayasugua kwa brashi ya waya, mbele na nyuma, akayapiga msasa, akayapaka rangi ya kijivu kisha ya kijani, akayarudisha kwenye fremu kila moja mahali pake. Kulikuwa na kibao cha "Utafiti, usiguse". Alipoulizwa baadaye, alisema alidhani kinawahusu wanafunzi.

Jumapili asubuhi tulipanda pamoja. Razika aligusa bamba la kwanza, kidole kikatoka na kijani, akajifuta kwenye koti lake jeupe. Mara mlango wa paa ukafunguliwa. Bwana Benabid, mkuu wa kitivo, ambaye kwa heshima ya kwetu tunamwita Si Benabid, alikuwa anamleta waziri kuona paneli za jua, na nyuma yao msafara mzima na wapiga picha.

Waziri alisimama mbele ya mabamba, akauliza ni nini. Si Benabid, ambaye hajawahi kupanda kule maisha yake yote, akasema bila kumeza mate kwamba ni utafiti wa kitivo kuhusu chuma kisichoshika kutu. Waziri akasifu. Akamgeukia Razika, akamuuliza kama kazi hiyo ni yake.

"Mheshimiwa, mimi nachunguza kutu," Razika akasema. "Hivi vyuma vimepakwa rangi jana kwa ajili yako. Miaka minne yangu imo humo chini, imesuguliwa."

Kisha waziri akacheka, akasema, "Basi tumekusaidia, binti yangu. Ulikuwa unaichunguza kutu, sisi tumeimaliza kabisa." Msafara wote ukacheka, na Si Benabid alicheka kuliko wote huku amemkazia Razika macho. Mimi nilitamani nimsukume mtu kutoka paani, na sikuwa nimeamua ni nani.

Bila nyongeza ya mwaka mmoja wa masomo, jina lake lingefutwa kwenye uzamivu. Kamati ilitaka sababu ya kukubalika, na anayepeleka maombi kwenye kamati ni mkuu wa kitivo. Razika aliandika ukweli. Si Benabid akamwita, akamrudishia karatasi, akasema kwa upole kwamba hawezi kutia sahihi barua inayomshtaki yeye mwenyewe. Lakini alisema hakutaka Razika apotee. Aseme tu alikuwa mgonjwa. Shemeji yake mkuu huyo ni daktari wa akili, angempa cheti cha uchovu wa mishipa ya fahamu ndani ya dakika tano. Razika akamuuliza kwa nini isiwe mgongo. Si Benabid akamweleza kama baba, "Mgongo unataka picha, tumbo linataka hospitali. Akili inataka sahihi tu."

Razika alimwendea Profesa Laifa, akitumaini atamtetea. Laifa alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu na hakutaka vita na mtu. Alimshauri atie sahihi, na kuhusu mabamba, akamwambia achukue vipimo vya mwaka wa kwanza na wa pili, avute mstari mpaka wa nne. Nani atapanda paani kuhakikisha? Razika alirudi mezani kwetu amekunja uso. Cheti alikitia sahihi kwa ajili ya mama yake, ambaye majirani walikuwa wamekwisha kumzoesha kuitwa mama wa dokta. Nyongeza ikapita, lakini mstari akakataa kuuvuta.

"Kuniita mgonjwa wananisingizia mimi," aliniambia. "Nikivuta mstari nitakuwa nimekisingizia chuma."

Sasa nikuambie kwa nini nasema alikuwa bora kuliko sisi sote. Aliposhuka ngazi za jengo lao siku moja, aliona vyuma vya roshani. Majengo yale yalijengwa kwa awamu, yote kwa chuma cha kiwanda kilekile, na kila mzee pale anajua alihamia lini, kwa sababu ndiyo siku aliyopata funguo. Razika akapita mlango kwa mlango na msumeno, akiomba kipande kidogo cha roshani. Wanawake walimpa kahawa, wakamuuliza ataolewa lini, wakamruhusu akate. Bi mmoja alimwambia akate roshani yote amsaidie kuitupa. Badala ya kutu ya miaka minne, akapata ya miaka kumi, ishirini, arobaini.

Na jibu likapatikana. Kutu ile haikilindi chuma chetu. Inajionyesha kama ukuta mnene, lakini chumvi imeketi chini yake inaendelea kula. Jopo la watahini lilimpa heshima ya juu kabisa, na mtahini aliyetoka Algiers alisema kwa sauti kwamba roshani zile zikaguliwe kabla hazijaua mtu. Bi Aldjia alipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Tulikula makrudi zake, vile vitafunio vya tende, kwenye korido, hata Si Benabid alichukua mbili, moja akaifunga kwenye leso ampelekee mkewe.

Nafasi ya ualimu ikatangazwa kabla ya kiangazi. Waliomba watu kadhaa, na kwa kazi aliyofanya, hakuna aliyemkaribia Razika. Matokeo yalipobandikwa jina lake halikuwapo, lilikuwapo la kijana mmoja wa hesabu za kompyuta ambaye hajawahi kushika chuma isipokuwa kijiko. Razika akaenda ofisini kwa Si Benabid kuuliza. Nilimsindikiza, nikabaki mlangoni, na mlango ulikuwa wazi.

Si Benabid alimkaribisha kiti. Akafungua jalada, akasema sheria inamtaka mwalimu awe na afya timamu ya mwili na akili, na humu ndani kuna cheti.

"Moyo wangu uko nawe, binti yangu," akasema. "Lakini wewe mwenyewe ulitia sahihi kwamba akili imechoka. Nikikukabidhi wanafunzi, kesho nitawajibu nini wazazi wao?"

"Si Benabid, ni wewe uliyeniambia nitie sahihi. Ni shemeji yako aliyekiandika. Hakunipima hata mapigo ya moyo."

Alisema hivyo akiwa amesimama, na sauti ilikuwa imepanda, kwa nini isipande? Si Benabid hakukasirika. Alimwita karani alete glasi ya maji, kisha akazungumza kwa ile sauti laini ambayo watu huwasemesha wagonjwa. "Tulia. Tulia, mwanangu. Kaa chini. Unaona? Ndiyo hayo hayo tunayosema."

Karani aliyaleta maji, akasimama pale na kalamu sikioni, akitazama. Razika akakaa, akayanywa yote taratibu mpaka glasi ikawa tupu. Tulipofika uani nilimfokea kwa nini hakummwagia usoni. Akaniambia hata angeyaacha nusu tu, hilo nalo wangeliandika jaladani kuwa dalili ya ugonjwa.