Nilivyojigeuza Mjomba wa Mchumba Wangu

Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kuandika historia za koo, hapa Mkata. Juzi, nikinakili daftari la wazee, niliona babu mzaa mama wa mchumba wangu Mwanaidi anaitwa Mhina Saidi. Marehemu baba yangu naye ni Mhina Saidi, na alioa kila alikohamia. Kumbe nimemposa mtoto wa dada yangu!

Badala ya kumuuliza mtu, bingwa mimi nikasimama kwenye kikao cha harusi mbele ya wakwe, nikatangaza kwamba ndoa haipo, mimi ni mjomba wa bibi harusi, maana Mhina Saidi ndiye baba yangu. Mwanaidi akaangua kilio.

Bibi yake mzaa mama akainuka. “Baba yako si alishafariki?”

“Ndiyo, shikamoo bibi,” nikajibu, salamu yenyewe ikiwa imechelewa.

“Marahaba. Basi Mhina Saidi wangu nimemwacha Korogwe asubuhi hii, anapukuchua mahindi.”

Kikao kizima kikaangua kicheko, Mwanaidi akicheka kuliko wote. Nikakaa chini, nikisema alhamdulillahi kwa sauti. Sijawahi kufurahia kuchekwa namna ile.