Koti la Kuombea Dawa

Kosa lilikuwa langu, na nililifanya kwa majivuno. Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Bukavu, na kwetu mtu haendi mbele ya mkubwa na shati lililokunjamana. Basi mwaka 2017, wagonjwa sita wa unga, yaani heroini, tulipoitwa kuzungumza na maofisa wa afya hapa Johannesburg, niliwashonea wenzangu makoti, na mimi nikajishonea langu.

Sote tulikuwa tukinywa methadoni, dawa ya kutuliza hamu ya unga, kila asubuhi mbele ya nesi. Watano ilitutuliza. Wa sita, rafiki yangu Mtanzania niliyepanga naye chumba mtaa wa Berea, ilimshinda mara mbili. Alirudi barabarani kujidunga. Tulikuwa tumesikia kwamba katika nchi fulani za Ulaya mtu kama yeye hupewa na daktari heroini safi, kwa kipimo, chini ya uangalizi. Hiyo ndiyo tuliyokwenda kumwombea.

Tukaingia tumependeza kama mabwana harusi. Ofisa mkubwa, mama mmoja mpole, alitutazama akafurahi.

"Lakini nyote mko vizuri," alisema. "Dawa mliyonayo inawafaa."

Akaanza kuandika hivyo hivyo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Sindano yangu ilikuwa imeuficha ugonjwa tuliokuja kuuonyesha.

Rafiki yangu akasimama taratibu. Alivua koti, akalitundika kwenye kiti, akakunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko. Makovu yalikuwa mengi, na vidonda viwili vilikuwa vibichi.

"Mama, koti ni la fundi huyu," alisema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Mikono ndiyo yangu."

Mama akaweka kalamu chini. Alimuuliza maswali mengi, kwa adabu, kisha akaahidi kulifikisha ombi letu kwa wakubwa zake.

Jibu halikuja. Mwaka uliofuata koti lilimpwaya, nikalipunguza. Mwaka 2019 akaniletea tena, ili liwe tayari siku tutakayoitwa. Nilimzungushia futi ya kupimia kifuani, nikasoma namba iliyozidi kupungua, nikakasirika: na ofisi, na unga, na hata ile futi. Nikachukua mkasi.

"Eish, fundi, usikate," alisema. "Kunja tu kwa ndani. Dawa ikikubaliwa nitanenepa."

Nikaurudisha mkasi mezani, nikakunja.