Upinde Uliopigwa Msasa

Kila Julai, Siku ya Mashujaa ikikaribia, redio huanza kutuhimiza tuwakumbuke waliokufa vitani. Mimi huizima. Sina ugomvi na wafu. Nina ugomvi na wanaowakumbuka kwa kufuata ratiba, na nitaeleza sababu yake kwa mpangilio, asije mtu akasema nimetia chumvi.

Nyumbani kwetu Sapiwi, juu ya mlango wa chumba cha mama mkubwa, palikuwa na upinde. Ulikuwa wa mumewe, kaka mkubwa wa baba yangu. Aliuchonga mwenyewe kwa mti wa mkole, akaufunga kwa ukano wa ng'ombe, na miaka yote aliyolinda zizi dhidi ya fisi na wezi aliushika mahali pale pale, hadi katikati pakawa peusi, pakang'aa kwa jasho, pakabonyea kidogo kwa umbo la kiganja chake. Vita vya Kagera vilipokuja, mgambo waliitwa, naye akapanda lori na wenzake. Upinde akauacha, kwa kuwa huko alikokwenda walipewa bunduki. Hakurudi. Tuliambiwa alifia ng'ambo ya mpaka. Kaburi lake hatujaoneshwa hadi leo.

Katika ukoo wetu, mwenye mji huzikwa zizini kwake, ng'ombe wapite juu yake wakitoka na kuingia. Zizi letu halikuwa na mtu, kwa hiyo wazee wakaamua upinde ushike nafasi yake. Kila mwaka pamba ikishauzwa, uliteremshwa na kulazwa juu ya ngozi mlangoni pa zizi. Mama mkubwa alipiga magoti akaushika pale katikati, kiganja chake ndani ya alama ya kiganja cha mumewe. Unga wa mtama uliokorogwa kwa maji ulinyunyizwa, jina la marehemu likaitwa kwa sauti, kisha akapewa habari: nani kaoa, ng'ombe gani kazaa, mvua imekuwaje. Mama mkubwa ni Mkristo, Jumapili haikosi, na hajawahi kuona mambo hayo yakigombana. Hakuolewa tena. Wanaume walikuja, aliwaambia nyumba ina mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, ofisi moja mjini Bariadi ilipewa kazi ya kuandaa maadhimisho. Siku hiyo, kama inavyojulikana, mbele ya mnara huwekwa mkuki na ngao, sime, shoka, upinde na mishale, pamoja na shada la maua. Upinde wa ofisi ulikuwa umeliwa na mchwa stoo. Mtu akawaambia kwetu upo. Afisa akaja kwa pikipiki, amempakia mtendaji wetu wa kijiji.

"Mwadila, mayu!" alisalimu kutoka mbali, kwa Kisukuma chake cha mjini.

"Mwadila, ng'wanone. Kaa, mwanangu," alijibu mama mkubwa.

Akakaa, akafuta vumbi kwenye viatu. "Mayu, mwanao nimetumwa. Serikali inaomba kuazima upinde wa shujaa wetu."

"Serikali haina upinde?"

Mtendaji akacheka. "Ina vifaru, mayu. Upinde ndio imekosa."

"Utawekwa na nani?"

"Na mzee wa mila, mbele ya mnara," alisema afisa. "Na wewe utakaa mbele kabisa, chini ya hema."

Mama mkubwa akainua macho juu ya mlango. Nilikuwa nimeketi kizingitini na nilimwona akiutazama upinde ule kama mtu anayemwomba mwenzake ruhusa. Tangu lori lile liondoke, hakuna mtu wa serikali aliyewahi kufika kwetu kumuulizia mumewe. Hilo ndilo lililomlegeza.

"Urudi," alisema. "Nina kazi nao pamba ikishauzwa."

"Kazi gani, mayu?"

"Kazi."

Afisa hakuuliza zaidi. Aliufunga kwa gunia, akaondoka nao.

Siku yenyewe tulifika uwanjani mapema. Mama mkubwa alivaa blauzi nyeupe na kitenge kipya. Chini ya hema kulikuwa kumejaa, tukaoneshwa viti vya plastiki upande wa jua. Mshereheshaji akawataja wageni mmoja mmoja, kwa majina na vyeo vyao, na kila aliyetajwa alisimama akapunga mkono. Waliokufa walitajwa kwa mkupuo mmoja: "mashujaa wetu". Kisha gwaride, tarumbeta, kimya. Mkuki na ngao vikawekwa. Sime ikawekwa. Akaja mzee wa mila aliyevishwa ngozi, mikononi ameshika upinde wenye mistari ya kijani, njano, nyeusi na bluu, unaometa juani kama baiskeli mpya.

"Wetu unaletwa saa ngapi?" mama mkubwa aliniuliza.

"Ndio ule, mama."

"Hapana. Ule ni wa watoto wa shule."

Niliitambua ncha moja ya upinde, palipokuwa na kovu la panga.

Watu walipotawanyika tulimfuata afisa nyuma ya hema. Alikuwa na furaha, tai ameilegeza, chupa ya soda mkononi. "Mayu! Umeona tulivyoupendezesha? Mgeni rasmi mwenyewe kausifia."

Mama mkubwa aliupokea. Hakuzitazama rangi. Aliupitishia mkono hadi katikati, akakishusha kiganja chake pale, akakiinua, akakishusha tena, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta kitasa. Palikuwa laini na sawa, kama mguu wa kiti.

"Hapa mmefanya nini?"

"Tuliupiga msasa kwanza, mayu, ili rangi ishike. Pale katikati palikuwa na uchafu mwingi sana, fundi kahangaika napo."

"Uchafu," alisema mama mkubwa.

"Ndiyo. Wa miaka mingi."

Mama mkubwa akamgeukia. "Ng'wanone, umeoa?"

"Nimeoa, mayu."

"Basi ukifa niiteni. Nitakuja nimsaidie mkeo kufua mashati yako."

Mtendaji alianza kucheka, akaona uso wa mama mkubwa, akaacha. Afisa naye akaelewa kuwa kuna kosa, ila hakujua ni kosa gani. Akasema neno ambalo sijalisamehe: "Usijali, mayu, tutakutengenezea mwingine. Mpya kabisa."

Nimeambiwa mara nyingi kwamba hakukusudia ubaya. Najua. Na hicho ndicho kinachonichoma. Angekuwa mwizi, tungempigia yowe na kijiji kizima kingemkimbiza. Huyu alikuja kwa heshima, akaamkia, akaomba, akachukua kitu pekee duniani kilichokuwa bado na jasho la mtu yule, akalikwangua ili upinde ufae kumheshimu. Halafu akapigiwa makofi. Wanataka upinde, hawamtaki mwenye upinde. Mwenye upinde ana mke, na mke ana maswali, na maswali hayamo kwenye ratiba.

Pamba ikauzwa. Wazee wakakutana mlangoni pa zizi. Baba mdogo alishauri rangi ikwanguliwe kwa kipande cha chupa, kwani wahenga hawadanganywi na rangi. Mzee mwingine akasema hata upinde mpya unafaa, muhimu ni jina kuitwa. Mama mkubwa aliwaacha wamalize.

"Mimi sikuwa nashika mti," alisema. "Nilikuwa namshika yeye. Sasa nimeshika, hayupo. Mchimbieni kaburi."

Hakuna aliyebisha. Alinyolewa nywele siku ile ile, kama mjane mpya. Majirani walipelekewa taarifa ya msiba, na wengine waliuliza nani kafa. Wakijibiwa, walikwenda nyumbani kuchukua majembe. Wanawake walilala kwetu wakimlilia mtu ambaye wengi wao hawakuwahi kumwona. Mimi nilimsikia mama mkubwa akilia kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kilio cha mwanamke kijana, na nilitoka nje kwa sababu sikuweza kukisikiliza.

Shimo lilichimbwa zizini, la urefu wa mtu. Upinde ulifungwa ndani ya ngozi ya ng'ombe. Tulipokuwa tukiuteremsha, pikipiki ikasimama nje. Afisa alikuwa amesikia. Alikuja na mtendaji, amevaa koti, kwapani amebana cheti cha shukrani chenye fremu ya kioo. Akamnong'oneza baba mdogo kwamba angependa kusema machache kwa niaba ya ofisi.

Baba mdogo akamgeukia mama mkubwa. Mama mkubwa akanyoosha mkono, akachukua koleo kutoka kwa kijana aliyekuwa karibu, akampa afisa.

"Hapa hatusemi," alimwambia. "Fukia."

Alitafuta pa kuweka cheti, akakosa, akakiegemeza kwenye nguzo ya zizi juu ya samadi. Akavua koti. Alifukia hadi mwisho, viatu vyake vikizama kwenye kinyesi cha ng'ombe, na hakuna aliyempokea koleo wala kumwambia inatosha.