Foleni ya Shemeji Kete

Shemeji yangu, mume wa dada, kazi yake ni kukata karatasi kwenye kiwanda cha uchapaji. Mtaa mzima unamwita Kete, kwa sababu ukimwomba chenji anatoa mfukoni kete tatu na dadu moja, halafu anaomba radhi. Ni mtu mwema. Nalisema hilo mapema kwa kuwa nikishaanza kusimulia nitasahau.

Kete alikuwa ametunga mchezo wa mezani unaoitwa Foleni. Wachezaji wanapanga kete zao ubaoni, wanarusha dadu, na kila mmoja anahangaika kufika dirishani kabla karani hajaenda kunywa chai. Aliutengeneza juu ya meza ya kulia, miaka nenda miaka rudi, nasi tukawa tunakula sahani zikiwa magotini. Kampuni yake ya michezo ilikuwa na wafanyakazi wawili: yeye, na yeye tena akishatoka kazini.

Ugomvi ulizuka alipotaka kuuchapisha. Dada alitaka oda za mapema.

"Mchezo si umekwisha? Tangaza, watu waagize, walipe, uchapishe, uwapelekee. Basi!"

"Mke wangu, oda ni biashara kavu," Kete alisema. "Mimi nitachangisha mtandaoni. Mtu akichangia anakuwa mwenzangu."

"Mwenye oda anakuta nguo imeshashonwa, anasubiri vifungo tu. Huyo mchangiaji wako anakuja pamba ikiwa bado shambani, na kila mmoja atataka kushika mkasi."

Sikio la kufa halisikii dawa. Kete alitangaza mchango, na ili kuwavuta watu akaahidi jambo ambalo mwenye akili timamu hangeliahidi: kila mchangiaji angeongeza kanuni moja kwenye mchezo.

Wakachangia, tena kwa fujo. Nesi akataka anayepiga chafya arudi nyuma. Kinyozi, ambaye kichwa chake hakijaona unywele tangu nimjue, akataka wenye upara watangulie. Mwalimu mstaafu akaamuru asiyenyoosha mkono asirushe dadu. Mama yetu, yaani mama mkwe wa Kete, akasema mama mkwe hapangi foleni. Nami nilichangia, sikatai: anayesema "naomba nipite mara moja tu" akose zamu. Najua ninachokisema, foleni zimekula ujana wangu.

Dada akaweka sharti. Wachangiaji waje sebuleni kuujaribu kabla haujachapishwa. Wakishindwa kuucheza hadi mwisho, ubao unaingia uvunguni na meza inarudi kuwa meza. Kete akakubali.

Kinyozi alipiga chafya kabla hatujatulia. Nesi akamrudisha nyuma, upara ukamrudisha mbele, akawa anakwenda na kurudi kama droo mbovu. Mwalimu hakuruhusu mtu kulalamika bila kunyoosha mkono. Mama alikuwa ameshafika dirishani na anauliza karani yuko wapi. Kete alisimama nyuma ya viti vyetu akitokwa na jasho, kelele zote zikimwelekea yeye: "Fundi, amua! Fundi, sema!" Akizima huku, kule kunawaka.

Mwishowe akaanza kukunja ubao. Mimi niliyemcheka miaka yote nikamwonea huruma.

"Hebu acha," dada alisema. Akatua sinia la chai, akatoa noti kwenye pochi, akaiweka mbele ya mumewe. "Mimi bado sijachangia. Kanuni yangu ni hii: mwenye mchezo akae chini, acheze."

Tukatazamana. Kweli, hakuna aliyewahi kumwona Kete akicheza Foleni. Siku zote yuko wima na rula yake, anaeleza.

Akakaa. Kwa kuwa mwamuzi naye sasa alikuwa kwenye foleni, hatukuwa na wa kumlilia, ikabidi tuelewane. Tukaafikiana kwamba chafya ina nguvu kuliko upara. Mama akakubali kusubiri, ila kwa kununa. Kete akasogea, akasogea, akabakiza hatua moja afike dirishani, akapiga chafya. Nesi akamtupa mkiani.

"Si haki!" alifoka. "Nani katunga upuuzi huu?"

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Karani akaenda zake, Mama akawa wa kwanza, Kete wa mwisho kabisa. Aliuinamia ubao, nikadhani analia.

"Jamani," alisema, "mbona hamkuniambia? Huu mchezo mtamu!"