Nilidhani mpwa wangu amenenepa, kumbe amevimba

Mwangaluka wakuu. Haya yamenipata mwenyewe hapa Dutwa, sijaongeza chumvi.

Dada yangu alipata kibarua Mwanza, akatuachia mwanawe Masanja, miaka miwili. Mimi na ndoto zangu nikasema nitamlea mpaka mama yake ashangae!

Asubuhi uji wa mahindi na sukari. Mchana michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Jioni ugali na majani kidogo. Choroko tulivuna, ila kwetu choroko ni za kuuza.

Mashavu yakajaa. Jirani akawa ananitania, "Mjomba, mbona unatufugia bonge?" Nikawa natembea kifua mbele.

Ila mtoto akapoa. Hachezi. Nywele zikawa kahawia, nikasingizia jua (jamani, jua!).

Siku moja namnawisha miguu, nikambonyeza. Kidole kikaacha shimo. Nikasubiri lijae. Wapi!

Nilimfunga mgongoni, nikakanyaga baiskeli mpaka kituo cha afya. Wakatukimbiza hospitali Bariadi.

Muuguzi akaniuliza anakula nini. Nikamtajia, najisifu kabisa.

"Mjomba, hajanenepa huyu. Hayo ni maji."

Kemia niliacha kidato cha pili, akanieleza kikulima. Wanga ni kaboni, haidrojeni na oksijeni, basi. Protini inazo hizo, lakini ina naitrojeni pia, na hiyo mwili hauwezi kuitengeneza kwa wanga hata ukila debe.

"Mahindi yakikosa mbolea ya kukuzia yanakuwaje?"

"Yanapauka, yanadumaa."

"Basi. Inayokosekana pale ni naitrojeni. Ila usiende kumpa mbolea!"

Nilikimbia kununua mayai. Akaning'akia, "Weka chini! Ukimjaza ghafla utamuua." Wakaanza na maziwa maalumu, kidogo kidogo.

Maji yalipotoka, wakuu, nilibaki na mifupa mitupu. Nilihisi nimemmaliza mtoto wa watu. Siku tatu sikula.

Siku ya tano muuguzi aliondoa kikombe cha maziwa, Masanja akakililia kwa yowe wodi nzima ikageuka.

"Huyo ameanza kupona," akacheka. Nilitoka nje nikalia.

Tumesharuhusiwa. Nilichojifunza: mtoto anaweza kushiba kila siku na bado mwili wake una njaa. Maharage, dagaa, maziwa, yai, chochote ulichonacho, weka. Na mguu ukibonyea, usisubiri kesho.

Dada nilimwambia ni homa tu. Anafika Jumamosi.

Wenye watoto, nianzeje kumwambia ukweli?